Safu Inayofutwa Kwanza

Mtu anapotaka kuhamishia taarifa yake ya M-Pesa kwenye programu ya hesabu za nyumbani, kwanza hupunguza safu. Programu nyingi zinaomba mambo matatu tu: tarehe, maelezo na kiasi. Basi anafuta namba ya risiti, anafuta hali ya muamala, na mwishowe anafuta salio, kwa kuwa programu itajikokotolea salio yenyewe. Faili linabaki jembamba, safi, tayari kupakiwa. Na kipimo ambacho kingemwambia kama faili hilo linasema kweli kimekwenda na takataka.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, daftari la matumizi ya nyumbani limekuwa likijiandika lenyewe. Sukuma wiki ya jioni, nauli ya matatu, mchango wa chama, karo ya muhula, pesa za dawa alizotumiwa shangazi kijijini: kila kitu kina saa, dakika na namba ya risiti. Ila wingi huo ndio unaotuponza. Mtu anayelipia hata mkate kwa simu hukusanya maelfu ya mistari kwa mwaka, na hakuna atakayekaa aisome mmoja mmoja. Programu nayo haisomi, inapokea. Ukiiambia kwamba tarehe 4 Machi uliingiza Sh12,000, itaamini, itachora duara lake la rangi rangi na kukupongeza kwa mwezi mzuri.

Uchafu huanza mapema kuliko tunavyodhani. Taarifa hufika kwenye barua pepe ikiwa PDF yenye nenosiri, na PDF ni ukurasa uliopangwa usomwe kwa macho. Haikukusudiwa kuwa jedwali. Ukiigeuza kuwa lahajedwali, vichwa vya safu hujirudia kila ukurasa kana kwamba navyo ni miamala. Maelezo marefu yaliyokunjwa huzaa mstari wa pili usio na tarehe wala kiasi. Mstari uliokaa ukingoni mwa ukurasa unaweza kumezwa usionekane tena.

Hapa niseme neno kuhusu zile tovuti za bure zinazojitolea kukugeuzia PDF kwa sekunde chache. Taarifa hiyo inaonyesha unanunua wapi, mshahara unaingia siku gani, unamtumia nani pesa na mara ngapi, pamoja na majina ya watu ambao hakuna aliyewaomba ruhusa. Kuipakia kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua ni kujitakia. Matoleo mapya ya Excel kwenye Windows yanasoma PDF moja kwa moja, mradi nenosiri limeondolewa. Na hata kunakili ukurasa baada ya ukurasa kwa mkono, kazi inayochosha kweli, ni afadhali.

Sasa turudi kwenye salio. Taarifa kamili ya M-Pesa ya Kenya ina safu saba: namba ya risiti, saa ya kukamilika, maelezo, hali ya muamala, pesa zilizoingia, pesa zilizotoka, na salio. Kila salio ni lile lililotangulia, ukiongeza kilichoingia, ukitoa kilichotoka. Tuseme ulikuwa na Sh8,410. Ukatuma 1,200, zikabaki 7,210. Ikakatwa ada ya 23, zikabaki 7,187. Mtu akakulipa 3,000, ukawa na 10,187. Mnyororo huo unatakiwa kwenda bila kukatika tangu mwanzo wa taarifa hadi mwisho wake, na ukikatika, mtuhumiwa wa kwanza ni faili lako.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, ongeza safu ya nane. Taarifa huanza na muamala wa karibuni na kushuka hadi ule wa zamani, maana yake salio lililotangulia liko mstari wa chini. Kama vichwa viko mstari wa 1 na zile safu saba zimekaa A hadi G kwa mpangilio nilioutaja, andika kwenye kisanduku cha H2 fomula hii: =ROUND(G3+E2-F2-G2,2). Kisha iburute hadi chini. Kama faili lako linaweka alama ya kutoa mbele ya pesa zilizotoka, geuza -F2 iwe +F2. Kila mstari unapaswa kujibu sifuri, isipokuwa ule wa mwisho kabisa, kwa sababu chini yake hakuna kitu cha kulinganisha. ROUND imewekwa kwa kuwa kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa sifuri na moja, na senti kumi haziwezi kuandikwa humo zikatimia. Bila kuikadiria utaona mabaki madogo kabisa nyuma ya nukta na uanze kumsaka mchawi asiyekuwepo.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinakuonyesha mahali na kiasi kwa pamoja. H57 ikijibu 450, basi kati ya mstari wa 57 na wa 58 kuna Sh450 zilizotoka na faili halina habari nazo. Ikijibu -450, kuna pesa zilizoingia ambazo zimepotea. Unarudi kwenye PDF, unatafuta saa iliyo kati ya mistari hiyo miwili, na mara nyingi utamkuta mkimbizi wako chini ya ukurasa.

Usipange upya mistari kabla ya kufanya hivyo. Muamala na ada yake hubeba saa ileile hadi sekunde. Ukiigeuza taarifa ianze na ya zamani kwa kupanga kwa saa, mistari inayolingana saa hubaki katika mpangilio wake wa awali, ada ikiwa mbele ya muamala ulioizaa, na mnyororo unakatika mahali ambapo hakuna kosa lolote. Pima kwanza, panga baadaye.

Tena hakikisha fomula imefika chini. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ukanukuliwa na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakihimiza kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliomba jedwali lao na kuona kwamba fomula ya wastani ilikuwa inaishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano, Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, zilikuwa zimeachwa nje. Yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walitaja pia dosari nyingine za uchaguzi wa data na upimaji wake, na kwa jumla yake ukuaji wa nchi zenye deni zito ukatoka asilimia 0.1 chini ya sifuri hadi asilimia 2.2. Kosa la fomula lilikuwa sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Lakini ndilo lililoingia magazetini, na sishangai: kila aliyewahi kuburuta fomula alijiona humo.

Kuhesabu mistari ni kazi ya dakika moja, na wengi huiruka. Uingereza walijifunza hilo mwezi Oktoba 2020. Matokeo ya vipimo vya korona kutoka maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, XLS, ambao haubebi zaidi ya mistari 65,536. Data ilipozidi hapo, iliyobaki haikuingia. Watu 15,841 waliokuwa wamepatikana na virusi kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuonekana katika takwimu za siku zao, na kazi ya kuwatafuta waliokutana nao ikachelewa. Matumizi ya nyumba moja hayatafika mistari elfu sitini na tano. Lakini faili la miezi kumi lililodhaniwa kuwa la miezi kumi na miwili linaingia kwenye programu kwa ukimya uleule.

Kuna ukimya mwingine uliojificha ndani ya SUM. Ukiipa safu yenye namba mia moja, na kumi kati yake zimehifadhiwa kama maandishi, itajumlisha tisini na kukupa jibu bila kulalamika. Namba hugeuka maandishi kwa sababu nyepesi: nafasi isiyoonekana iliyotoka kwenye PDF, au herufi za Ksh zilizoganda mbele. Alama ya kujumlisha, ile + ya kawaida, haina subira hiyo; ikikutana na nafasi ya aina hiyo inapiga kelele ya #VALUE!, na ndiyo sababu nyingine ya kuipenda fomula ya safu ya nane. Dalili ya macho ipo pia. Excel ikiachwa ijipangie, huegemeza namba na tarehe kulia, maandishi kushoto. Shuka na safu ya kiasi ukiangalia ukingo tu. Anayeegemea kushoto ana kesi ya kujibu.

Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi, ambao kompyuta zao mara nyingi zimewekwa kwa desturi ya Kifaransa, wana kibarua cha ziada. Huko koma ndiyo inayotenga senti, na maelfu hutengwa kwa nafasi: 1 250,00. Ujerumani nukta hutenga maelfu. Anayeishi Hamburg akapakua taarifa ya benki yake yenye 1.250, kisha akaifungua kwenye programu iliyozoea mtindo wa Kiingereza, kodi ya nyumba inageuka euro moja na robo. Makosa ya aina hii angalau yanachekesha, kwa hiyo yanagunduliwa. Ya tarehe hayachekeshi.

Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta nyingi zinanunuliwa zikiwa zimewekwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia, na mwenyewe hazigusi hadi zizeeke. Faili la benki lililoandika 03/04/2024, yaani tarehe 3 Aprili, linafunguliwa na kusomwa kuwa 4 Machi. Hakuna onyo. Tarehe 13 ikifika, kompyuta inakwama, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu, nayo inauacha mstari huo kama maandishi. Matokeo yake ni safu iliyogawanyika: tarehe 1 hadi 12 za kila mwezi zimehamia miezi isiyo yake na zimeegemea kulia kwa fahari, na tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi zimeegemea kushoto. Aliyeona mgawanyiko huo ameshapata jibu. Asiyeuona huanza kuirekebisha ile ya kushoto, iliyo sahihi, na kuiacha ya kulia.

Salio halitakusaidia hapa, kwa kuwa mnyororo wa pesa haujali tarehe. Utapima na kupata sifuri tupu huku Aprili yako ikiwa imetawanyika mwaka mzima. Tiba ni kutofungua faili la CSV kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, ingiza faili kupitia menyu ya data, na uitamkie safu ya tarehe kwamba mpangilio wake ni siku, mwezi, mwaka. Halafu geuza zote ziwe 2024-04-03, mtindo unaoanza na mwaka, ambao programu nyingi za fedha zinauelewa vilevile Nairobi na New York. Mwisho angalia tarehe ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Taarifa ya Januari hadi Juni yenye muamala wa Novemba imejishtaki yenyewe.

Tabia ya Excel ya kuona tarehe mahali pasipo na tarehe imewasumbua wakubwa kuliko sisi. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni iitwayo SEPT2 na nyingine MARCH1, na kila walipoziandika zikawa Septemba na Machi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri ikabadilisha majina yenyewe, SEPTIN2 na MARCHF1. Microsoft waliweka swichi ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023. Kwa upande wetu mhanga ni namba. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake. Ikiandikwa kwa 254 inafika tarakimu kumi na mbili na kuonyeshwa kwa kifupi chenye E katikati. Namba ya akaunti yenye tarakimu kumi na sita ndiyo inayoumia kabisa, kwani Excel huhifadhi kumi na tano na kuifanya ya mwisho kuwa sifuri. Hiyo hairudi tena hata ukibadilisha mwonekano. Safu kama hizo zitamkwe kuwa maandishi tangu mlangoni.

Majina nayo yana mtego wake mdogo, unaowahusu hasa wenye kina Ng'ang'a na Nyang'au kwenye orodha. Ile alama ya juu huandikwa ikiwa imenyooka au ikiwa imepinda, na kwa programu hizo ni herufi mbili tofauti. Fundi mmoja anatokea kuwa watu wawili, kila mmoja na jumla yake. Faili likisomwa kwa msimbo usio wake, ile iliyopinda hugeuka vijiherufi vitatu visivyosomeka. Chagua UTF-8 unapohifadhi na unapofungua, kisha badilisha zote ziwe za kunyooka kwa amri moja.

Watu makini huondoa mistari iliyojirudia kabla ya kupakia, na ni vyema, hasa kama wameunganisha taarifa mbili zilizopishana kwa wiki moja. Ila wengi huchagua namba ya risiti kuwa kigezo, na hapo wanajikata. Kwenye taarifa ya M-Pesa ya Kenya, muamala na ada yake hubeba namba moja ya risiti. Amri ya kuondoa marudio itaziona kuwa kitu kimoja na kufuta ya pili, yaani muamala wenyewe, na mwisho wa mwaka programu itakuambia kuwa ulikatwa ada za pesa ambazo hukuzituma. Kigezo kiwe risiti, maelezo na kiasi kwa pamoja. Kisha pima mnyororo tena.

Mpaka hapa tumekuwa tukiuliza kama namba zimefika salama. Swali gumu zaidi ni kama zinamaanisha kile ambacho safu zao zinadai, na hapo hakuna fomula. Chukua Fuliza, ile huduma ya kukopeshwa kinachopungua unapolipa, iliyoanza Januari 2019. Una Sh120, unalipa bidhaa za Sh500. Kwenye taarifa kunatokea mstari wa Sh380 katika safu ya pesa zilizoingia, halafu malipo ya 500 upande wa zilizotoka. Hesabu iko sawa hadi senti. Lakini programu ikipokea mistari hiyo bila kuelezwa, Sh380 zinahesabiwa kuwa mapato. Siku ya kulipa deni, marejesho yanahesabiwa kuwa matumizi. Anayeishi kwa Fuliza mwezi mzima ataonekana tajiri kwenye chati, pesa nyingi zikiingia, nyingi zikitoka, na picha hiyo ni kinyume cha hali yake. Vivyo hivyo kwa M-Shwari: unachoweka akiba kinaonekana kama kimetumika, na unachotoa kwenye akiba yako mwenyewe kinaonekana kama mshahara. Mimi ningesema mistari ya mikopo na akiba itengwe kabla ya kupakia, ipewe safu yake ya aina ya muamala, na mwenye faili aisome yote kwa macho hata kama inafika mia mbili. Hapo ndipo jioni moja inapostahili kupotea.

Alama ya kutoa ina hila ya jamaa hiyohiyo. Intuit walipoifunga programu yao ya Mint mwezi Machi 2024, watumiaji wake Marekani, wakiwemo Waafrika Mashariki wa huko, walipakua miaka ya kumbukumbu kwenye CSV ili wahamie kwingine. Katika mafaili ya Mint safu ya kiasi haikuwa na alama: mshahara ulikuwa namba chanya, na kodi ya nyumba namba chanya. Kilichotofautisha ni safu nyingine iliyosema kama ni pesa iliyoingia au iliyotoka. Aliyebeba tarehe, maelezo na kiasi tu, kwa ile tabia ya kupunguza safu, alihamia na maisha yasiyo na gharama.

Programu zinazofuata mtindo wa pande mbili, ule alioueleza Luca Pacioli katika kitabu chake cha mwaka 1494 kilichochapishwa Venice, zinasaidia kidogo kwa sababu kila shilingi lazima itoke mahali na iende mahali. GnuCash, ambayo ni ya bure, ikikosa upande wa pili wa muamala huutupa kwenye akaunti iitwayo Imbalance-KES. Wengi huichukia akaunti hiyo. Mimi naona ndiyo ya kufunguliwa kwanza baada ya kupakia, maana orodha iliyomo ni ya vitu ambavyo hukuvieleza.

Pakia kwenye nakala, na uanze na mistari kama kumi ya mwezi mmoja unaoukumbuka. PDF ya asili usiiguse. Mistari hiyo ikikaa vizuri, pakia yote, kisha linganisha salio la programu na lile la taarifa kwa siku ya mwisho.

Zikitofautiana, usianze kupekua juu hadi chini. Iangalie tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, huenda kuna mahali ulipoandika kwa mkono, labda matumizi ya pesa taslimu, ukapindua tarakimu mbili: 5,400 ikawa 4,500, tofauti 900. Ikilingana kabisa na kiasi kimoja kwenye taarifa, mstari huo umekosekana au umeingia mara mbili. Na ikiwa hailingani na chochote, igawe kwa mbili. Tofauti ya 2,400 inakutuma kutafuta 1,200 iliyoingia upande usio wake.